Jinsi Chembe Zisizoonekana Zilivyotafutwa

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa kwa redio. Soma kwanza peke yako, polepole. Kisha someni pamoja na mwalimu, mjibu maswali yaliyo mwishoni.)

Leo tutaanza na jambo unalolijua vizuri, ndipo twende kwenye jambo ambalo pengine hujapata kulisikia.

Fikiri kwamba wewe ni mweka hazina wa duka la ushirika. Jioni umefunga mlango, umewasha taa, umekaa na daftari lako. Daftari lasema kwamba sandukuni yapasa kuwamo shilingi 300. Unahesabu, unapata 260. Shilingi 40 hazipo, wala hukumwona mtu akizichukua. Utasema nini?

Yako mambo matatu. Pengine umekosea kuhesabu. Pengine sanduku lina ufa, na fedha zimeanguka chini. Au pengine yuko mtu aliyezichukua, ambaye hukumwona. Ukikimbilia jibu la tatu kabla ya kulichungua la kwanza na la pili, utamsingizia mtu wizi bure. Lakini ukiogopa kabisa kulisema jibu la tatu, mwizi ataendelea kuiba kila siku.

Basi historia tutakayoisoma leo ni ya watu waliojikuta katika hali hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wao hawakuhesabu shilingi. Walihesabu nguvu za chembe ndogo mno, ndogo kuliko kitu chochote uwezacho kukiona.

1. Hesabu iliyopungua

Kila kitu unachokigusa, jiwe, maji, hata mkono wako mwenyewe, kimefanywa kwa atomu. Katikati ya kila atomu mna kiini, na kandokando ya kiini zimo chembe ziitwazo elektroni. Atomu nyingi hukaa vile zilivyo siku zote. Lakini ziko nyingine zisizotulia. Kiini cha atomu ya namna hiyo hugeuka chenyewe kikawa kiini cha aina nyingine, na kinapogeuka hurusha nje elektroni moja kwa kasi kubwa.

Wataalamu wa fizikia wanayo sheria moja wanayoitegemea kama wewe unavyolitegemea daftari lako. Sheria hiyo yasema kwamba nguvu haipotei. Yaweza kugeuka sura, kama kuni zinavyogeuka kuwa moto na joto, lakini jumla yake hubaki ile ile. Kwa hiyo, kama atomu mbili za aina moja zinageuka kwa njia moja, elektroni zinazotoka zingepaswa kuwa na nguvu sawasawa.

Mwaka wa 1914 Mwingereza James Chadwick, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, Ujerumani, alizipima elektroni hizo. Hazikuwa sawasawa. Nyingine zilikuwa na nguvu nyingi, nyingine kidogo, nyingine za katikati. Karibu kila mara hesabu ilipungua.

Je, wataalamu walisema mara moja kwamba yuko mwizi? La. Kwanza walilichungua sanduku. Walijiuliza: labda elektroni zote hutoka na nguvu sawa, kisha nyingine hupoteza nguvu zake njiani kwa kugongana na vitu. Kama ndivyo, nguvu hiyo ingegeuka kuwa joto, na joto hupimika. Mwaka wa 1927, huko Cambridge, Uingereza, Charles Ellis na William Wooster walizifungia atomu za namna hiyo ndani ya chombo cha madini, wakapima joto lote lililotoka. Walipata kama theluthi moja tu ya kile kilichotazamiwa. Huko Berlin, Lise Meitner na Wilhelm Orthmann wakalirudia jaribio hilo kwa uangalifu, wakapata jibu lile lile. Hapakuwa na ufa, wala hapakuwa na kosa la kuhesabu.

Hapo wakubwa wa elimu hiyo walianza kushindana. Niels Bohr wa Denmark, aliyeheshimiwa sana na wenzake, alisema kwamba labda sheria yenyewe haifuatwi ndani ya kiini cha atomu. Ni kama mweka hazina anayesema kwamba labda kujumlisha kwenyewe si kwa kweli.

Wolfgang Pauli, Mwaustria aliyekuwa akifundisha Zürich, Uswisi, hakukubali. Tarehe 4 Desemba 1930 aliwaandikia barua wenzake waliokutana Tübingen, Ujerumani. Yeye mwenyewe hakwenda, kwa sababu alikuwa na dansa ya kuhudhuria Zürich! Katika barua hiyo alisema kwamba pengine kiini kinaporusha elektroni hurusha na chembe ya pili. Chembe hiyo haina umeme, hupita bila kuonekana, nayo huichukua nguvu iliyobaki. Alikiri kwamba hiyo ilikuwa dawa ya mtu aliyeishiwa na njia nyingine. Baadaye Mwitalia Enrico Fermi aliieleza chembe hiyo kwa hesabu kamili, ikajulikana kwa jina la nyutrino, maana yake kwa Kitaliano, kidogo kisicho na umeme.

2. Mwizi akamatwa

Angalia sasa, ndugu msomaji. Pauli alitaja kitu asichokiona. Je, huo si uzushi? Ungekuwa uzushi kama jambo lingeishia hapo. Lakini anayetaja mwizi hudaiwa kumleta mbele ya watu.

Kumleta haikuwa kazi rahisi. Nyutrino yaweza kupita katikati ya dunia nzima, ikaingia upande huu na kutokea upande wa pili, isiguse chochote. Wamarekani wawili, Frederick Reines na Clyde Cowan, waliwaza hivi: ikiwa nyutrino moja haishikiki, na tusimame mahali zinapotoka nyingi kupita kiasi. Katika nyingi namna hiyo, hazikosi chache zitakazogonga kitu. Mahali pa namna hiyo ni karibu na tanuri la atomu. Walijaribu kwanza mwaka wa 1953, lakini ishara nyingine zilizidi, wakashindwa kuwa na hakika. Hawakutangaza ushindi. Walitengeneza vyombo vilivyo bora, wakahamia kwenye tanuri jingine katika jimbo la South Carolina, wakaweka matangi ya maji karibu nalo. Tanuri lilipofanya kazi, ishara walizozitafuta zilionekana. Lilipozimwa, zikapungua. Mnamo Juni 1956 walimpelekea Pauli simu ya maandishi kumwambia kwamba nyutrino imepatikana. Zilikuwa zimepita karibu miaka 26 tangu aandike barua yake. Pauli alifariki mwaka wa 1958, lakini aliiona deni yake ikilipwa.

3. Handaki karibu na Geneva

Tuingie sasa katika mitambo ya kugonganisha chembe. Mwaka wa 1954 nchi za Ulaya ziliunda kituo kimoja cha utafiti, kiitwacho CERN, karibu na Geneva, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Huko, chini ya ardhi, lilichimbwa handaki la mviringo, mzunguko wake karibu kilomita 7. Ndani yake chembe zilikimbizwa kwa nguvu ya umeme na kuongozwa na sumaku.

Yafaa tuondoe kosa moja hapa. Watu wengine hudhani kwamba kugonganisha chembe ni kama kupasua nazi ili kuona kilichomo ndani. Sivyo hasa. Nguvu ya mgongano yaweza kugeuka kuwa chembe mpya ambazo hazikuwamo kabla. Kwa hiyo ukitaka kupata chembe nzito, yakupasa uwe na mgongano wenye nguvu nyingi. Na mgongano wenye nguvu kuliko yote ni wa ana kwa ana, kama malori mawili yaliyokutana kwenye kona.

Wakati huo wataalamu walitafuta chembe nzito iitwayo W. Watu watatu, Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam wa Pakistan, walikuwa wameunda maelezo yaliyosema kwamba chembe hiyo ndiyo inayofanya viini vya atomu vigeuke na kurusha elektroni. Kumbe ni jambo lile lile lililomsumbua Chadwick mwaka wa 1914! Hesabu zilionyesha kwamba uzito wake ungekuwa zaidi ya mara 80 ya uzito wa protoni moja.

Mwitalia Carlo Rubbia na wenzake walishauri mwaka wa 1976 kwamba katika handaki moja zikimbizwe protoni upande huu, na antiprotoni upande ule, ili zikutane. Antiprotoni ni chembe iliyo kinyume cha protoni, nayo ni adimu sana. Mholanzi Simon van der Meer ndiye aliyekuwa amevumbua njia ya kuzikusanya na kuzituliza mpaka ziende pamoja kama kundi moja. Migongano ya kwanza ilifanyika mwaka wa 1981.

Lakini iko taabu. Chembe W huishi muda mfupi mno, hata haifiki popote. Huvunjika papo hapo, na mara nyingine huvunjika kuwa elektroni moja na nyutrino moja. Elektroni huonekana katika vyombo. Nyutrino haionekani. Basi utajuaje?

Fikiri umesimama ufukweni wakati wa magharibi, giza laanza kuingia. Waona mtumbwi uliotulia majini. Ghafla mtumbwi unarudi nyuma kwa nguvu. Hukuona kitu, lakini wajua kwamba kuna mtu ameruka kwenda mbele, kwa sababu mtumbwi hausukumwi nyuma pasipo kitu kwenda upande wa pili. Na kwa kuangalia jinsi mtumbwi ulivyosukumwa, waweza kukadiria ukubwa wa yule aliyeruka.

Hivyo ndivyo walivyofanya. Kundi la Rubbia, lililoitwa UA1, lilijenga chombo chenye uzito wa karibu tani 2,000, kikazunguka mahali pa mgongano kama maganda ya kitunguu. Walijitahidi kisiwe na tundu, ili kila kitu kinachoruka kupimwa kipimwe. Kisha walitafuta mgongano ambapo elektroni imeruka kwa nguvu upande mmoja, na upande wa pili ni kimya.

Tarehe 20 Januari 1983 Rubbia alisimama mbele ya wenzake akaeleza kwamba, katika migongano kama milioni elfu moja, walikuwa wamepata 6 ya namna hiyo. Kesho yake kundi la pili, UA2, lililokuwa na chombo chake mbali, lilieleza kwamba limepata 4. Ni kidogo sana! Lakini katika kila mgongano, kilichopungua upande mmoja kililingana na elektroni iliyoruka upande wa pili. Na uzito wa chembe uliopatikana ulikuwa karibu na ule uliotabiriwa. Mwaka uliofuata Rubbia na van der Meer walipewa tuzo ya Nobel.

4. Mwaka wa 1984

Sasa tumefika mahali penye fundisho kubwa kuliko yote. Hadithi ingeishia hapo, ungedhani kwamba kila palipo na pengo pana chembe mpya.

Mwaka wa 1984 kundi lile lile la UA1, kwa chombo kile kile na njia ile ile, lilitangaza jambo jingine. Lilikuwa limepata migongano 5 ambapo fungu la chembe liliruka kwa nguvu upande mmoja, na upande wa pili hapakuwa na kitu. Safari hii hapakuwa na elektroni ya kuonyesha kwamba ni W. Ni nini basi kilichoruka gizani? Wataalamu wa hesabu walichangamka, wakaandika makala nyingi. Wengi waliona kwamba huenda hizo ni chembe za aina mpya kabisa, ambazo nadharia zao zilikuwa zimezitaja. Jina la UA1 lilikuwa juu. Nani angethubutu kusema pole pole?

Wapo waliothubutu. Walikaa chini wakaanza kuorodhesha mambo ya kawaida yanayoweza kuacha pengo la namna hiyo. Kwanza, iko chembe nyingine nzito, Z, iliyopatikana huko huko CERN katikati ya mwaka wa 1983. Z yaweza kuvunjika kuwa nyutrino mbili, zikaondoka zote bila kuonekana. Pili, W yaweza kuvunjika kwa njia nyingine zinazofanana na pengo hilo. Tatu, chombo chaweza kupima vibaya fungu moja la chembe, likaonekana dogo kuliko lilivyo. Kila moja ya sababu hizi ilikuwa ndogo, nayo peke yake haikutosha. Lakini mwaka wa 1985 Mwitalia Guido Altarelli aliwaonyesha wenzake kwamba ukizichanganya pamoja, kama mchuzi wenye viungo vingi, zaweza kutosha.

Migongano zaidi ilipokusanywa, habari ya chembe mpya ilififia. Migongano ile 5 ilikuwa ya kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini hakuwapo mwizi mpya. Waliopita gizani walikuwa watu wa kijiji kile kile waliojulikana.

Tafakari, ndugu msomaji. Mwaka wa 1983 pengo lilikuwa shahidi wa kweli. Mwaka wa 1984 pengo, machoni pa watu wale wale, lilikuwa shahidi wa kupotosha. Pengo lenyewe halikuwa na tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa katika kazi iliyofanywa kabla ya kusema. Kwa upande wa W, ilijulikana mapema ni nini cha kutafutwa, na sababu nyingine zilikuwa zimeondolewa. Kwa upande wa ile 5, sababu za kawaida zilikuwa hazijajumlishwa zote.

5. Kazi ingali ikiendelea

Siku hizi mtambo mkubwa wa CERN ni mwingine. Handaki lake lina mzunguko wa kilomita 27, nao ulianza kugonganisha chembe mwaka wa 2009. Tarehe 4 Julai 2012 makundi mawili yalitangaza humo chembe iitwayo Higgs, iliyokuwa imetabiriwa tangu mwaka wa 1964.

Pengo kubwa lililobaki liko juu mbinguni. Nyota katika makundi yake makubwa huzunguka kwa kasi isiyolingana na uzito tunaouona. Ni kama kuna kitu kingine kizito huko, kisichotoa nuru, ambacho jumla yake ni kama mara tano ya vitu vyote vya kawaida. Wataalamu wanakitafuta katika mtambo huo kwa njia ile ile ya mtumbwi: wanatafuta mgongano wenye upande ulio kimya. Hadi leo hawajakipata, na hawajasema kwamba wamekipata. Mwaka wa 1984 umewafunza.

Lakini iko hatari nyingine, kinyume cha ile. Makundi ya protoni hukutana mara kama milioni 40 kila sekunde. Hakuna mashine iwezayo kuyaandika yote. Vyombo huchagua kufumba na kufumbua, vikahifadhi maelfu machache na kuyatupa mengine. Itakuwaje kama kitu kipya kimo katika vilivyotupwa? Au kama kimekimbilia mahali pasipo na chombo?

Kwa sababu hiyo kundi moja, FASER, liliweka chombo kidogo ndani ya handaki la zamani lisilotumika, mita 480 kutoka mahali pa mgongano, nyuma ya mwamba mnene. Mwamba huzuia chembe nyingi za kawaida. Hapo walitaka kuona kinachopenya. Machi 2023 walitangaza kwamba wameziona nyutrino zilizozaliwa katika mtambo wa kugonganisha; walihesabu matukio 153. Kundi la pili, lenye chombo chake upande mwingine, lilitoa habari kama hiyo mwaka huo huo. Chembe mpya wanazozitafuta FASER hazijapatikana bado. Lakini kitu ambacho kwa miaka 40 kilikuwa ni pengo tu katika daftari la mitambo hiyo, sasa kimeshikwa mkono.

Basi turudi dukani kwako. Taa inawaka, daftari liko wazi, na shilingi 40 hazipo. Hesabu mara ya pili. Chungua sanduku. Mwite mwenzako ahesabu bila kumwambia ulichopata. Andika kila sababu ndogo, kisha zijumlishe zote. Ukiisha kufanya hayo na bado hazitoshi, sema bila hofu: yuko mtu aliyepita hapa. Na ukisema hivyo, jiandae kumleta, hata ikichukua miaka 26.

Kwaheri, mpaka somo lijalo.

Maneno ya kukumbuka

Chembe: kipande kidogo mno cha kitu.
Kiini: sehemu ya katikati ya atomu.
Protoni: chembe mojawapo zilizomo ndani ya kiini.
Nyutrino: chembe isiyo na umeme, ipitayo katika vitu bila kuvigusa.
Pengo: mahali palipokosa kitu kilichotazamiwa kuwapo.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini Ellis na Wooster walipima joto kabla ya watu kufikiri juu ya chembe mpya?
2. Kundi la UA2 lilikuwa na faida gani, hali UA1 lilikuwa limekwisha kuipata W?
3. Eleza kwa maneno yako tofauti ya mwaka wa 1983 na mwaka wa 1984.
4. Je, katika kijiji chako umepata kuona mtu akilaumiwa kabla ya hesabu kurudiwa? Kipi kingefanywa kwanza?